Waanzilishi wa Sugatodaya

Shule ya sekondari ya Sugatodaya ilipokaribia kutimiza miaka mia, ilijikuta na waanzilishi wengi kuliko vyoo. Kila tajiri wa mji wa Nugahena alimkumbuka ghafla babu yake aliyebeba tofali. Mwenye duka la vipuri alisema mbao zilitolewa na babu yake. Mwenye hoteli akaapa kwamba babu yake alitoa wazo, na wazo ni zito kuliko mbao. Wakabishana mpaka wakachoka, kisha akashinda Bwana Edirimanne, mwenye kiwanda cha kukausha chai na mwenyekiti wa chama cha wanafunzi wa zamani, kwa sababu yeye hakuleta hoja. Alileta sanamu. Babu yake wa shaba, kimo cha mtu na nusu, amekamata kitabu mkononi. Waliomkumbuka yule mzee walisema kitabu hakuwahi kukikamata maishani mwake, labda kama alitaka kuulia mende.

Kazi ya kuandika historia ya shule alipewa Mwalimu Indumathi, aliyefundisha somo hilo hapo kwa miaka kumi na tisa. Alikuwa mwanamke mwembamba, nadhifu, wa sauti ya chini, mwenye mwandiko ambao hata wakaguzi wa wizara waliusifu. Aliwasomea wanakamati kazi yake katika ofisi ya mwalimu mkuu, huku wakitafuna vitumbua.

"Simama hapo," alisema Bwana Edirimanne. "Umeandika 'inasemekana'. Inasemekana babu yangu ndiye mwanzilishi. Anayesema ni nani?"

"Nitaifuta, bwana mkubwa."

"Usiifute tu. Weka 'bila shaka'."

Akaweka bila shaka.

Ukweli wenyewe Nugahena nzima iliujua, ndiyo maana hakuna aliyeusema. Zama za Waingereza, shule ilikuwa moja tu, ya wamisionari, na mtoto wa Kibuddha alikuwa akiingia asubuhi akiitwa Sugath na kutoka jioni akiitwa Samuel. Mtawa mmoja wa hekalu la pale alichoka kuwarudishia watoto wa watu majina yao. Akapita nyumba hadi nyumba, akimwomba kila mama mwenye kupika aweke kando konzi moja ya mchele kila siku. Mchele ule ukauzwa, ukanunua kiwanja. Wapiga ngoma wa mtaa wa Pahalagoda, watu wa tabaka ambalo wakubwa hawakuketi nalo, ndio waliokanyaga udongo wa kuta na kusuka makuti ya paa. Siku ya kufungua, ndio waliozunguka vijiji wakipiga ngoma kuwaita wazazi. Kisha mlango ukafunguliwa, na watoto wao wakawekewa vigoda vifupi nyuma ya darasa, wasije wakakaa kimo kimoja na watoto wa watu, katika shule iliyojengwa kwa jina la Buddha aliyesema mtu hawi duni kwa kuzaliwa. Babu yake Edirimanne alitoa kengele. Watoto wake mwenyewe aliendelea kuwapeleka kwa wamisionari kwa gari la farasi.

Katika kurasa za Mwalimu Indumathi hapakuwa na konzi ya mchele wala vigoda. Kulikuwa na kengele, kurasa mbili nzima.

"Historia safi sana," alisema Mwalimu Mkuu Dhanasekera, mtu mnene aliyekuwa akisubiri kustaafu kama mgonjwa anavyosubiri dawa. "Haina hata doa."

"Na ngoma?" aliuliza Edirimanne. "Mgeni rasmi ni Waziri, hawezi kuingia kimyakimya kama mwizi."

"Mtawa mkuu wa hekalu ameshamwita yule mzee wa Pahalagoda. Baronchi. Ukanda wote huu wa kusini hakuna anayemfikia."

"Vizuri. Lakini chakula chao wapewe kule kwenye banda la baiskeli. Na kwenye majani ya migomba, jamani, sahani zangu ni za kuazima."

Wakacheka wote. Indumathi naye alicheka, akajifuta mdomo kwa ncha ya sari yake.

Baronchi alikuwa baba yake mzazi.

&nbsp;

"Haendi," alisema mumewe, Jayalath, jioni ile. "Baba yako akionekana pale na ngoma shingoni, tumekwisha."

Jayalath alikuwa karani wa posta, naye pia mtoto wa mpiga ngoma. Kabla ya kuoa alilipia tangazo gazetini kujulisha umma kwamba kuanzia siku hiyo ataitwa Wijesundara, jina la watu wakubwa. Umma ulisoma tangazo ukacheka, ukafungia samaki gazeti. Lakini yeye aliliamini. Alihamia mjini, akajenga nyumba yenye nguzo mbili mbele zisizobeba kitu chochote, na alipoulizwa asili yake alijibu "upande wa Matale," ambako hakuwahi kufika.

Sasa binti yao Thisari, mfamasia wa miaka ishirini na minne, alikuwa ameposwa. Mposaji alikuwa daktari wa meno, mwana wa Bibi Malkanthi, na Bibi Malkanthi alikuwa dada yake Edirimanne. Nyota za vijana zilikuwa zimepigiwa hesabu zikapatana. Bibi Malkanthi alikuja mara mbili, akala keki, akatazama mapazia, akauliza maswali kwa tabasamu.

"Na wazee wako wa Matale, mwalimu, bado wako hai?"

"Walishatangulia," alijibu Indumathi.

"Masikini. Wote?"

"Wote."

Thisari, aliyekuwa akimimina chai, aliimwaga kidogo kwenye kisosi. Babu yake alikuwa amempigia simu asubuhi hiyo hiyo kumwuliza dawa ya kikohozi.

Na sasa, mama na baba walipokuwa wakipanga namna ya kumzuia mzee, binti alikuwa ameegemea mlango wa jikoni akila embe bichi kwa chumvi na pilipili.

"Hivi mnanioza au mnanificha?" aliuliza.

"Wewe nyamaza," alisema baba yake. "Tunahangaika kwa ajili yako."

"Mimi yule daktari namtaka, Baba, ni mtu mzuri. Lakini si nilimwambia mwenyewe asubiri nimpeleke kwa Babu? Nyie ndio mlinikataza."

"Ukimpeleka hatarudi."

"Akirudi je?"

Swali hilo Jayalath hakuwahi kulifikiria. Watu wa aina yake hujiandaa kwa matusi maisha yao yote. Heshima ikibisha hodi, hawana hata kiti cha kuikaribisha.

&nbsp;

Jumapili walikwenda Pahalagoda. Waliliacha gari mbali, nyuma ya tanuri la matofali, wakatembea. Indumathi alibeba bunda la tambuu, kama anavyopelekewa mtu mkubwa anayeombwa jambo.

Baronchi alikuwa kibarazani, kifua wazi, akiipaka ngozi ya ngoma mafuta ya nazi. Alikuwa na miaka themanini na miwili na masikio makubwa, na watu wa mtaa wote, hata walevi, walimwita Fundi.

"Tambuu!" alisema. "Leo nimekuwa nani mie? Mwanangu kaniletea tambuu. Nani kafa?"

"Hakuna aliyekufa, Baba."

"Basi kuna anayeolewa."

Thisari akacheka, akamwinamia akamgusa miguu. Mzee akampapasa kichwa kwa mkono wenye mafuta.

Jayalath alikohoa. "Baba, tumekuja kwa heshima zote..."

"Zote? Hamkubakiza hata kidogo nyumbani?"

"Ni kuhusu ile sherehe ya shule," aliingilia Indumathi. Sauti yake ilikuwa ya chini kuliko kawaida. "Tunakuomba usiende."

Mzee aliweka kitambaa cha mafuta pembeni. Aliichukua tambuu, akaigeuza huku na huku, akaitazama kwa makini kama mtu anayekagua noti.

"Miaka sabini napiga ngoma," alisema. "Nimeletewa tambuu ya harusi. Nimeletewa ya matanga, na ya mwenye pepo. Tambuu ya kufukuzwa sijapata kuiona. Hii inashikwaje? Vikonyo vinaelekezwa kwa nani?"

"Baba, si kukufukuza. Ni wakwe. Ni mambo ya Thisari."

"Thisari, wewe ndiye umenikataza?"

"Mimi sijamkataza mtu, Babu. Mimi ni mzigo. Nimepakiwa garini nikaletwa."

"Gari lenyewe liko wapi? Sikulisikia."

Mzee akatazama miguu yao, viatu vilivyojaa vumbi jekundu la tanuri, akaelewa. Akatikisa kichwa polepole.

"Shule ile naijua," alisema, akimtazama Jayalath na si binti yake. "Nilikaa kigoda miaka minne. Mwalimu hakunipa daftari mkononi, alilidondosha chini niokote. Na hesabu sikuijua, unajua kwa nini? Kila walipokuwa na maandamano nilitolewa kwenye hesabu nikapige ngoma. Nikirudi, wenzangu wako kwenye kugawanya. Nilipotoka pale nilikuwa najua kujumlisha tu. Lakini sikuwachukia. Nilisema, nitasomesha mtoto wangu, aingie pale kwa mlango wa mbele." Akaiweka tambuu chini. "Kaingia. Sasa kaufunga."

"Baba!"

"Sitakwenda, usilie. Mguu utaniuma. Mguu gani mnaupenda, wa kulia au wa kushoto?"

&nbsp;

Siku ya sherehe, Sugatodaya ilipambwa kwa bendera za Kibuddha kutoka lango hadi choo. Wali wa tui ulioshindiliwa ulikatwa vipande ukapangwa kwenye sinia. Wanafunzi walisimamishwa juani tangu alfajiri na vijibendera, na wawili walikuwa wameshazimia, jambo ambalo Mwalimu Mkuu alilichukulia kama dalili njema ya nidhamu. Sanamu ilifunikwa kitambaa cha hariri. Mbele ya jengo la zamani, mtawa mkuu aliketi akisubiri kisanduku cha masalia matakatifu kitolewe hekaluni kwa ngoma, maana bila ngoma hakitoki, hakijawahi kutoka.

Wapiga ngoma hawakuwapo.

"Yule mzee alisema mguu unamuuma," Dhanasekera alimweleza mwenyekiti, jasho likimtiririka. "Nikasema si neno, wapo vijana wake. Nimewapigia simu wote."

"Wanasemaje?"

"Wanasema miguu inawauma."

"Wote?"

"Wote, bwana mkubwa. Hata yule anayepiga kwa kuketi."

Edirimanne alitukana kwa Kiingereza, kwa kuwa mtawa alikuwa karibu. Kisha akaingia chumba cha walimu, ambamo wanawake walikuwa wakirekebisha sari zao nyeupe, akasimama mbele ya Indumathi aliyekuwa akirudia kimoyomoyo hotuba yake ya historia.

"Mwalimu, nenda kamlete baba yako."

Pini ya mtu ilianguka sakafuni, ikasikika.

"Baba yangu?" alisema Indumathi. "Baba yangu alishafariki. Alifariki Matale, zamani."

"Basi amefufuka," alisema Dhanasekera kutoka mlangoni, "maana juzi nilimkuta sokoni anabishania jodari."

Mwalimu wa michezo alicheka puani. Wengine waliinama, wakawa wanatafuta pini.

"Tusipoteze wakati, dada," alisema Edirimanne, na upole aliouvaa ulikuwa mbaya kuliko matusi. "Hapa hakuna mgeni. Tunajua tangu mwezi uleule ulipohamishiwa hapa. Kuna aliyekutia aibu? Kuna aliyekutupia neno? Tumekustahi. Hata zamu ya kupika sadaka ya watawa hatujakupangia hata siku moja, tusikuweke kwenye wakati mgumu."

Indumathi aliiweka karatasi ya hotuba mezani. Miaka kumi na tisa walimu wenzake walikuwa wakimenya vitunguu kila sikukuu, macho yakiwatoka machozi, naye akikaa na karatasi zake akiandika ratiba, akiamini wameuheshimu mwandiko wake. Nyumbani alikuwa akijisifu. "Mimi hawanisumbui na masufuria," alikuwa akimwambia Jayalath. Kumbe yaliyoheshimiwa ni masufuria, yasiguswe na mkono wa binti wa mpiga ngoma.

"Na dada yako Malkanthi?" aliuliza kwa sauti isiyotoka vizuri. "Anajua?"

"Nani unadhani aliniambia?" Edirimanne alimkabidhi mfuko wa plastiki wenye tambuu. "Haya, fanya haraka. Waziri ameshavuka daraja."

&nbsp;

Alipita njia ya mkato, juu ya matuta ya mashamba ya mpunga, pindo la sari nyeupe amelikunja mkononi, viatu amevivua. Wanawake waliokuwa wakipalilia walimwinukia wakamtazama. Mmoja alimwamkia, "Binti Fundi, hujambo?" Alikuwa hajaitwa hivyo tangu alipokuwa akisukwa misuko miwili. Hakuitikia, lakini hakukana.

Baba yake alikuwa akila wali wa jana na samaki wa kukaanga.

"Wanakuita, Baba."

"Nani?"

"Shule."

"Shule haina mdomo. Nani kakutuma?"

"Mwenyekiti. Edirimanne."

"Yeye miguu yake inamuuma pia?"

Indumathi aliweka mfuko wa tambuu chini, akaketi kwenye ngazi ya kibaraza. "Wanajua, Baba. Wamejua siku zote. Mimi nilisimama mbele yao wote nikawaambia umekufa."

Mzee aliendelea kutafuna. Akatoa mwiba mdomoni, akauweka ukingoni mwa sahani.

"Nimekufa kwa ugonjwa gani?"

"Sikusema."

"Ungesema mguu. Ungewapatia sababu." Alicheka, kicheko kifupi, kisha uso wake ukakunjamana. "Sikiliza. Uliponiomba nisiende, nilikubali, kwa sababu aliyeniomba ni mwanangu. Sasa huyu anayeniomba niende ni nani? Maana yule wa kwanza ni yatima."

Simu ya Indumathi ililia mkobani, ikanyamaza, ikalia tena. Mzee alinawa mikono. Indumathi hakuinuka kwenda kuwajibu waliomtuma, na hakumwomba tena. Alikaa tu.

Baada ya muda vipaza sauti vya shule vilianza kukoroma ng'ambo ya mpunga, kisha zikasikika ngoma. Zilikuwa kubwa mno na safi mno. Mtu alikuwa amezitafuta kwenye simu na kuisogeza simu kwenye kipaza sauti. Ilimaanisha kisanduku kinatoka hekaluni, Waziri ametoka garini na kuunganisha viganja kwa heshima, mtawa mkuu amefumba macho. Ngoma zilipanda, zikakaribia pale zinapotakiwa kupasuka kwa shangwe, zikakatika. Sauti nyororo ya mwanamke ikaenea juu ya mashamba:

"Nywele zako zinakatika? Zinapukutika unapochana?"

Wanawake waliokuwa wakipalilia walisimama wima, majembe mikononi.

"Hebu ngoja," alisema Baronchi. "Huyo Waziri ana nywele?"

"Hana," alisema Indumathi. "Hana hata moja."

Mzee alicheka mpaka akakohoa, akashika nguzo. Binti yake naye alicheka, kwanza kama mtu anayepaliwa, halafu kweli, na machozi yalikuwa yakimwagika tangu zamani kwa hiyo hakuna aliyejua yalikuwa ya nini. Tangazo liliendelea mpaka mwisho, likataja bei. Kisha ngoma zikarudi kama hakuna lililotokea.

Halafu ikaja sauti ya Dhanasekera, akisoma historia ya shule badala ya mwandishi wake. Bila shaka shule hii tukufu iliasisiwa na Marehemu Mzee Edirimanne. Bila shaka ni moyo wake wa huruma. Baronchi alisikiliza kichwa kikiwa upande mmoja, kwa ustadi wa mtu aliyezoea kusikiliza.

"Nani kaandika uongo huu?" aliuliza. "Umepangwa vizuri."

"Mimi."

"Nilidhani hivyo. Sentensi zimenyooka." Akajifuta miguu kwa kiganja. "Nilipiga ngoma kwenye matanga ya watu mia ngapi sijui, ukapata karo ya kujifunza kunyoosha sentensi hizo. Watu walilia maiti zao, nami nilikuwa moyoni namshukuru marehemu."

Ng'ambo, makofi yalipigwa. Sanamu ilikuwa imefunuliwa.

&nbsp;

Bibi Malkanthi alikuja kesho yake, akiwa na keki yeye mwenyewe safari hii. Aliketi, akatazama mapazia yale yale.

"Sisi si watu wa kale," alisema. "Hatuangalii mambo ya tabaka. Dini yetu haina hayo. Mwanangu ameng'ang'ania, na mimi ni mama. Tutaendelea."

Jayalath alisimama, akaketi, akasimama tena. "Bibi, tunashukuru, tunashukuru sana."

"Ila kwa kuwa mambo yamekuwa hivi, na watu wana midomo, itabidi mahari mnayotupa ninyi wazazi wa binti iongezwe kidogo. Lile gari. Na hii nyumba iandikwe jina la mwanangu. Na harusini, upande wenu, mtatuletea majina kwanza tuyapitie."

"Hakuna tatizo," alisema Jayalath.

"Tatizo lipo," alisema Thisari.

Alikuwa ameshika sinia ya chai, akaiweka mezani kwa utulivu. "Mama, mwanao amekutuma hayo?"

"Mambo haya yanazungumzwa na wakubwa, mwanangu."

"Yeye ni daktari, ana miaka thelathini, anang'oa watu meno. Bado hajawa mkubwa?" Alichukua simu yake, akampigia yule kijana mbele ya wote. Akauliza kama anajua mama yake yuko wapi na anadai nini. Alisikiliza. Walimwona akisikiliza muda mrefu. Kisha akasema, "Sawa. Asante kwa kusema kweli," akakata.

"Anasemaje?" aliuliza Jayalath.

"Anasema gari lingewafaa."

Akaingia chumbani kwake. Alilia, kwa sababu kweli alimpenda, na mpendwa akiwa mshenzi, haimpunguzii aliyempenda uchungu. Bibi Malkanthi alingoja kidogo aombwe radhi. Indumathi aliifunga ile keki kwenye karatasi yake, akamrudishia mikononi.

"Chukua, dada," alisema. "Sijui ilipikwa kwa zamu ya nani."

Jayalath hakusema na mkewe siku tatu. Siku ya nne aliuliza chumvi iko wapi.

&nbsp;

Shuleni hawakumfukuza. Kufukuza kungehitaji kutaja sababu. Waliliondoa jina lake kwenye orodha ya waliopendekezwa kuwa naibu mwalimu mkuu, wakampa vipindi vya saa za mchana, joto linapowalaza wanafunzi, na wakaacha kumwamkia. Mwalimu wa michezo kila akimpita alijishika nywele.

Darasa la kumi walikuwa wamepewa kila mmoja kijitabu cha miaka mia. Indumathi aliingia, akawaambia wakifunge. Akawasimulia konzi ya mchele. Akawasimulia udongo uliokanyagwa, na ni nani aliyeukanyaga, na mlango ulipofunguliwa walikaa wapi. Aliongea kwa ile sauti yake ya chini, hivyo ilibidi wanyamaze ili wasikie. Mwisho akasema, "Baba yangu alikaa hapo nyuma miaka minne. Anaitwa Baronchi, mpiga ngoma wa Pahalagoda. Kijitabu hiki nilikiandika mimi, na nilidanganya. Mtihani utauliza yaliyomo kijitabuni. Jibuni yaliyomo kijitabuni. Ila mjue."

Jumamosi alikwenda kwa baba yake. Gari aliliegesha mbele ya kibaraza, karibu kabisa, mpaka kuku wakakimbia. Alimsimulia yote akimmenyea fenesi, gundi ikimshika vidole.

"Wakafanyaje, hao watoto?" aliuliza mzee.

"Wengi walikaa kimya. Mmoja aliuliza kama litatoka kwenye mtihani. Wasichana wawili waliokuwa dawati la mbele, karibu na meza yangu, waliinuka wakaenda kukaa mbali."

"Wawili?"

"Wawili."

"Katika wangapi?"

"Arobaini na mmoja."

Baronchi alitia tonge la fenesi mdomoni, akalitafuna taratibu, akilifikiria jambo hilo kwa uzito wote.

"Wawili tu," alisema. "Basi shule imepiga hatua."